Mafundi wa laptopu, chomekeni kibodi ya waya kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini mwako niseme na mafundi wa laptopu.

Nina steshenari hapa Ngamiani, Tanga. Nachapa barua za kuomba kazi, mikataba ya kupangisha, kadi za arusi. Mwezi uliopita mjukuu wangu aliimwagia laptopu chai ya maziwa. Niliizima papo hapo, nikaipindua, nikaiacha siku mbili ikauke. Ilipowaka, kila kitu kilikuwa kizima isipokuwa herufi moja: a.

Ingekuwa q au x, hadi leo nisingejua. Lakini a! Kijana mmoja alikuja nimchapie barua kwa Afisa Mtendaji wa Kata. "Naomba" ikatoka "Nomb", "barabara" ikatoka "brbr". Ikabidi ninakili a moja kutoka barua ya zamani, niwe naibandika kila inapotakiwa, Ctrl na V, Ctrl na V, mpaka kidole kikafa ganzi. Ukurasa mmoja karibu saa nzima, na bei yangu ni ile ile.

Fundi wa kwanza hakuchomeka chochote. Aliigeuza, akazitazama skrubu, akasema, "Mama, hapa mazabodi imekwenda. Andaa laki na themanini." Mazabodi ndiyo ule ubao mkuu wa umeme ndani ya mashine. Nikamshukuru, nikabeba mashine yangu. Jirani ana kompyuta ya mezani. Nikamwazima kibodi yake ya waya, nikaichomeka kwenye tundu la USB. Zikamiminika a mstari mzima. Sasa mazabodi iliyokufa inaandikaje?

Fundi wa pili ndiye aliyenionyesha. Chini ya vitufe mna karatasi nyembamba za plastiki zenye njia za umeme. Chai yenye sukari ikipenya humo, njia inaliwa, na kitufe kinanyamaza hata ukikigonga kwa nyundo. Alibadilisha kibodi nzima, na haikuwa kazi ya dakika kumi: ya kwangu haikufungwa kwa skrubu, imegandishwa kwenye kava kwa vipini vidogo vidogo vya plastiki. Alivikata kimoja kimoja, akaja kuviyeyusha upya kwa solda. Nilimlipa 70,000 bila kuomba apunguze, na mimi kwa kupunguziwa bei sijambo.

Halafu wiki iliyopita akaja mwanafunzi wa chuo. Akibonyeza u, i, o zinatoka 4, 5, 6. Akibonyeza j, k, l zinatoka 1, 2, 3. Ameshaambiwa kibodi imekufa, anunue nyingine. Kumbe ni Num Lock, kitufe cha kuwasha namba, imewaka bila yeye kujua. Laptopu ndogo nyingine huficha namba ndani ya herufi hizo. Nikabonyeza Fn na Num Lock, basi. Akaninunulia soda.

Mafundi wanangu, kibodi ya waya si ya bei kubwa, iwekeni moja mezani. Mteja akifika, ichomekeni mbele ya macho yake kabla ya kushika bisibisi. Ikiandika vizuri, mwambieni kuwa yaelekea mbovu ni kibodi yake, si mazabodi, na kama hana hela leo anunue ya waya aendelee na kazi. Mimi niliitumia ya jirani siku kumi na moja, na kadi za arusi mbili zilitoka bila kukosa a hata moja.

Mama wa Steshenari,
Ngamiani, Tanga