Kabla hujaandika "hakuna aliyelitafiti"

Wanangu mnaosomea uzamili na uzamivu katika uhandisi wa programu,

Salaam. Mapendekezo ya utafiti yanayonifikia hubeba mara nyingi sentensi ileile: "Hakuna utafiti uliofanyika kuhusu mada hii." Nikiuliza umetafuta wapi na kwa maneno gani, kimya. Hilo ni dai zito, na ushahidi wake ni mapitio ya kimfumo ya maandiko, yaani kutafuta na kuchuja tafiti zote za mada kwa utaratibu uliopangwa mapema, siyo makala kumi ulizookota kwa sababu zinakubaliana nawe.

Utaratibu huu tuliuazima kwa matabibu. Mwaka 2004 Barbara Kitchenham wa Chuo Kikuu cha Keele, Uingereza, aliuandikia mwongozo wahandisi wa programu, ukaboreshwa 2007. Kiini chake ni itifaki: kabla hujafungua hifadhidata hata moja, andika swali lako, mahali utakapotafuta, na vigezo vya makala kuingia au kutoka. Ukivipanga baada ya kuona matokeo, utavipinda yafuate moyo wako, hata usipokusudia.

Tazameni kazi ya Tore Dybå na Torgeir Dingsøyr ya mwaka 2008 kuhusu mbinu za ajaili (agile), yaani kuunda programu kwa hatua fupi fupi huku ukirekebisha. Utafutaji wao ulileta tafiti 1,996. Baada ya mchujo zikabaki 36 zenye data halisi, nyingi zikihusu mbinu moja tu, Extreme Programming, na ushahidi wenyewe wakauona dhaifu sana. Wakati huo kampuni zilikuwa zimekwishazikumbatia mbinu hizo! Bila kuhesabu na kuchuja namna ile, nani angejua tumesimama juu ya nini?

Maneno ya kutafutia yapeni muda. Ukiandika "agile" peke yake, makala inayotaja "Scrum" tu, ambayo ni mojawapo ya mbinu hizo, itakupita. Kisha fuateni marejeo ya makala mlizozipata, na zile zilizozinukuu. Kuchuja kunachosha, najua, lakini mchujo wa kwanza ni kwa kichwa cha makala na ikisiri yake, na ikisiri za IEEE Xplore, hifadhidata ya makala za uhandisi, husomwa bila malipo. Mwombe mwenzako achuje sehemu ileile kivyake, mlinganishe. Mnapotofautiana, kigezo hakijaeleweka, kirekebisheni.

Makala mlizosoma kikamilifu mkaziondoa, ziwekeeni jedwali lenye sababu ya kila moja, mliambatishe kwenye tasnifu. Mtahini akiuliza kwa nini makala fulani haimo, mfungulieni ukurasa huo.

Mwalimu wenu mstaafu