Kabla hujasema pumzi zimekwisha

Moshi, Jumapili jioni

Baba Neema, sahibu yangu,

Salaam nyingi kutoka huku kwenye baridi. Sisi hatujambo, watoto wanasoma, mlima umejifunika mawingu tangu asubuhi. Ile sauti uliyorekodi kwenye simu nimeisikiliza usiku, nyumba ikiwa kimya, mara nyingi kuliko unavyodhani. Nimeona nikuandikie, maana mambo haya kwa simu tungekatishana.

Unasema umri umekula pumzi zako na kinanda cha mdomo, hiyo harmonika yako, umekitia kabatini. Naomba ukitoe. Kila unapovuta tundu la 4 nasikia hewa ikipita kwanza, fyuu, ndipo noti inafuata kwa kuchelewa. Aliyeishiwa pumzi hatoi mlio wa namna hiyo. Pumzi unayo, ila inavuja kabla ya kufanya kazi.

Kinanda chako kina matundu 10 na vilimi 20. Kila tundu lina kilimi cha kupuliza kwenye bamba la juu, na cha kuvuta kwenye bamba la chini. Kilimi chenyewe ni kibati chembamba cha shaba, upande mmoja kimepigwa ribiti, upande wa pili kiko huru juu ya upenyo wake, na ncha yake imeinuka kidogo tu. Pumzi inakisukuma kiingie kwenye upenyo, kinarudi kwa nguvu zake, kinaingia tena. Kwenye kinanda cha ufunguo wa C, ukivuta tundu la 6, kilimi kinafanya safari hiyo karibu mara 880 kwa sekunde. Sasa ule mwanya wa pale nchani ukizidi, hewa inapotea kilimi kikiwa bado kimelala. Ukipungua mno, pumzi ya ghafla inakibana kilimi na tundu linanyamaza. Mimi ninayeshinda na pikipiki sikupata tabu kulielewa hili: tapeti za valvu zikilegea injini inagonga, zikibana injini inakosa nguvu. Kiwandani hawamjui kila mpigaji. Wewe tangu ujana unapiga taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto, na mwanya wa kinanda hicho unamfaa mtu wa pumzi kali. Usiibadilishe pumzi yako. Badilisha mwanya.

Ila tundu la 2, hata likikusumbua, liache kwanza. Kuvuta pale huwasumbua wapigaji wengi, na mara nyingi kinanda hakina kosa. Legeza taya, shusha ulimi, vuta polepole kutoka tumboni kama unayenusa chai ya tangawizi kwa mdomo. Noti ikitoka safi, basi usikiguse kilimi hicho hata kidogo.

Tuje kwenye tundu la 4. Piga mswaki, sukutua, osha mikono, kaa mezani penye mwanga. Bahati yako kinanda chako ni cha skrubu; vile vya Marine Band vya asili, ambavyo kampuni ya Hohner ya Trossingen, Ujerumani, ilianza kuvitoa mwaka 1896, vilipigiliwa misumari, na kuvifungua ni kazi nyingine kabisa. Ondoa vifuniko viwili, skrubu uziweke kwenye kisahani zisipotee.

Geuza kinanda, bamba la chini likutazame. Vilimi vya kuvuta utaviona juu juu, virefu upande wa noti nzito, vifupi upande wa noti nyembamba. Inamisha kinanda mpaka mwanga wa dirisha upite chini ya ncha ya kilimi cha nne. Utaona mstari wa mwanga. Linganisha na jirani zake, wa tatu na wa tano. Mwanya hupungua kidogo kidogo kadiri vilimi vinavyokuwa vifupi, na kipimo cha kuanzia ni unene wa ncha ya kilimi chenyewe. Nina hakika cha nne kwako kimesimama kuliko wenzake.

Chukua kijiti cha kuchokolea meno. Kandamiza kilimi karibu na ribiti, kiingie kidogo kwenye upenyo, halafu kiachie. Shaba ina tabia ya kurudi ilikotoka, kwa hiyo mara ya kwanza hutaona kitu. Rudia, kila mara ukiongeza kidogo sana, na kila mara ukitazama ule mstari wa mwanga. Ukipitiliza, ingiza kipande cha wembe chini yake ukiinue polepole. Kisha rudisha vifuniko, vuta kwa pumzi ndogo kabisa usikie kama kinaamka, halafu vuta kwa nguvu ghafla. Kikikwama, umebana mno.

Usiishie hapo, geuza bamba la juu. Unaposhusha noti kwenye tundu la 4, ile D, noti yake ya kuvuta, ikielekea chini, kadiri inavyoshuka ndivyo kilimi cha kupuliza kinavyobeba kazi kubwa. Ukikirekebisha kimoja na kumwacha mwenzake wazi, noti itakuwa nzito kuinama. Kumbuka vilimi vya juu viko upande wa ndani, kwa hiyo ukivisukuma kwa kijiti kupitia upenyo unaongeza mwanya. Kupunguza inabidi uvisukume kutokea ndani kuja nje. Hapo nenda polepole kuliko kote.

Mwaka jana nilikiua kilimi cha kupuliza cha tundu la 5. Nilikuwa na haraka, nikakikunja katikati kwa ncha ya kisu, kikabaki na kona ndogo, nyembamba kama unywele. Kilitoa mlio mkavu kwa wiki chache, kisha kikapasuka kwenye ile kona. Kinanda kile alinipa marehemu baba. Ndiyo maana nakusihi, ukiona mkono umechoka au jua limezama, funga, utaendelea kesho. Na ukisikia mlio wa kukwaruza, kilimi kinagusa ukingo wa upenyo. Kitazame dhidi ya mwanga: weupe uwe sawa kushoto na kulia.

Nimempa kondakta wa basi la kesho kifurushi: bisibisi ndogo, nyembe mbili nilizokata vipande na kimoja katika vile vibati vyangu vya kupimia tapeti, cha milimita 0.1. Kiingize chini ya ncha kwa uangalifu upate kipimo. Asubuhi za huku mimi hukiweka kinanda kifuani dakika kumi kabla ya kupiga, maana baridi inageuza unyevu wa pumzi kuwa matone kwenye vilimi na kuvichelewesha. Huko pwani hilo halikuhusu sana.

Ukimaliza nirekodie tena wimbo uleule, mwendo uleule. Nitasikiliza tundu la 4 kwanza.

Msalimie mama Neema na watoto wote.

Wako,
Baba Zuhura