Shukrani kwa muuguzi wa zamu ya usiku

Dada, jina lako sikulishika, kwa hiyo nakushukuru hadharani nikitumaini salamu hizi zitakufikia.

Nilifanyiwa upasuaji kwa roboti, wa ngiri iliyotokeza kwenye kovu la zamani la tumbo. Nilikuwa nikidhani mashine hukata yenyewe. Ni wewe uliyenieleza kwamba roboti haiamui lolote: daktari huketi pembeni, akatazama ndani ya tumbo kwa picha iliyokuzwa, na mikono ya mashine hufuata mikono yake. Matundu ni madogo, ya milimita 8 hivi, na ukuta wa tumbo huimarishwa kwa wavu.

Ila ninalokushukuru zaidi ni la usiku baada ya upasuaji. Bega liliniuma kuliko tumbo lenyewe! Nikajua ni moyo. Hukunicheka. Ulinipima kwanza, kisha ukaniambia ni ile gesi ya kaboni dioksidi iliyojazwa tumboni ili daktari apate nafasi ya kufanya kazi. Inayobaki husumbua kiwambo, ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, na maumivu yakajitokeza begani kwa sababu neva za kiwambo na za bega zina asili moja. Ukaniinua, tukatembea polepole ukumbini. Ukanifundisha pia kubana mto tumboni ninapokohoa (na nilikohoa kweli, wenzangu wa wodini mnisamehe).

Mizigo mizito bado sigusi, kama ulivyoagiza. Asante sana dada, Mungu akuzidishie.