Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: taka zitalala wapi?

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Malindi, kaskazini kidogo mwa Uyombo, ambako serikali ilitaka kujenga kinu cha nyuklia cha megawati 1,000 kabla ya macho kugeukia Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Wengi hapa wameshusha pumzi. Mimi bado. Mafuta ya kinu yakishatumika, yatapelekwa wapi?

Kinu cha ukubwa huo hutoa takriban tani 20 hadi 30 za mafuta yaliyotumika kila mwaka. Hulazwa kwenye dimbwi la maji miaka kadhaa yapoe, kisha hutiwa makasha ya chuma na zege. Hapo sina ugomvi, kazi hiyo inajulikana. Shida ni baadaye: plutoniamu-239, sumu ya mionzi iliyomo, huchukua miaka 24,000 hivi kupungua nusu tu.

Marekani ilitunga sheria mwaka 1982, ikaahidi kuanza kuzichukua taka hizo 1998. Bunge likauchagua Mlima Yucca, jimboni Nevada, zizikwe humo, huku jimbo hilo likigoma. Hadi leo makasha yamekaa kando ya vinu, na serikali inalipa fidia ya mabilioni ya dola. Ufini walipiga hodi kwanza. Sheria yao inaipa halmashauri haki ya kukataa. Eurajoki ikakubali, na mahandaki ya Onkalo ya kuzikia taka sasa yako zaidi ya mita 400 chini ya ardhi, kwa pesa walizochangishwa wenye vinu.

Haki hiyo ya kukataa ndiyo naitaka iandikwe katika sheria yetu, na mfuko wa taka utengwe mbali na Hazina, kabla mkataba wowote haujatiwa saini. Kuitwa hotelini, tukanywa chai na kuandikisha majina, si kuulizwa. Wala isije ikasemwa kwamba Tana River au msitu wa Boni ni mahali pasipo watu, taka zizikwe huko. Waorma na Waaweer wanaishi huko.

Labda utasema muuzaji wa kinu atayarudisha kwao mafuta yaliyotumika, kama Urusi ilivyokubaliana na Bangladesh mwaka 2017. Vyema, tuonyeshwe kifungu hicho. Lakini meli haing'oi nanga Ziwa Victoria ikatokea baharini. Mzigo huo utapita Mombasa au Lamu, kwa hiyo watu wa Pwani tuwemo kwenye mazungumzo ya Siaya tangu sasa.

Wako,
Mkazi wa Malindi