Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mafunzo ya Washtakiwa Wasiomudu Kesi Zao

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati tendaji nawasilisha taarifa ya mwaka ya kazi yetu ya kuwafundisha washtakiwa ambao, kwa ugonjwa au ulemavu wa akili, hawajaweza kusimama kizimbani, yaani kuielewa kesi yao na kushirikiana na wakili. Shughuli za kawaida mnazijua: semina ya wakufunzi wapya ilifanyika, mwongozo ulichapishwa upya kwa herufi kubwa, na wakalimani wa lugha ya alama walishirikishwa. Hili la wakalimani nililisimamia mwenyewe, na si jambo dogo. Pritchard, ambaye kesi yake ya mwaka 1836 iliweka kipimo cha Uingereza cha kuamua kama mshtakiwa anaweza kusimama kizimbani, alikuwa kiziwi asiyesema. Jackson naye alikuwa hivyo hivyo. Alishtakiwa kwa unyang'anyi wa mali isiyozidi dola 9 kwa jumla, na kupitia kesi yake, mwaka 1972, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataza mtu kuzuiliwa bila kikomo kwa sababu tu hajaweza kusimama kizimbani.

Sasa nije kwenye uamuzi uliozua maneno. Kamati iliondoa karatasi ya maswali ya kukariri isiwe tena kipimo cha kumaliza mafunzo. Barua za kupinga nimezisoma zote, na msimamo wangu ni uleule.

Mshtakiwa anaweza kujibu sawasawa kwamba hakimu huamua, mwendesha mashtaka hushtaki na wakili hutetea, huku akiamini kwamba wote watatu wametumwa na watu wanaomwinda. Huyo hupata alama zote, lakini hathubutu kumtajia wakili wake shahidi hata mmoja. Katika kesi ya Dusky ya mwaka 1960, mahakama hiyo hiyo ya Marekani ilisema haitoshi mtu kujua yuko wapi na leo ni lini, na kukumbuka baadhi ya matukio. Lazima aweze, wakati huo, kushauriana na wakili wake kwa akili timamu kiasi cha kuridhisha, na aielewe kesi inayomkabili kwa kujua na kwa kupima mambo. Karatasi yetu ilipima kujua tu. Na imani ya aina ile haiondolewi na somo. Hapo kazi ni ya daktari na dawa kwanza, mkufunzi baadaye.

Kwa mwenye ulemavu wa akili, kikwazo ni kingine. Hukariri vizuri kwa kumridhisha mkufunzi, na baada ya wiki moja yameyeyuka. Pia huitikia “ndiyo” kwa kila kitu. Ukimuuliza, “Umeelewa kwamba wakili yuko upande wako?” atakubali. Muulize badala yake: “Ukimwambia wakili siri, ataifanyia nini? Na ukimwambia mwendesha mashtaka?” Hapo ndipo utasikia kilichomo kichwani mwake. Wengi hudhani wakili anayelipwa na serikali anaitumikia serikali, na wengine hudhani kukana shtaka ni kusema uongo. Karatasi haikuwahi kuyafichua haya, maana haikuyauliza.

Utaratibu mpya ni huu, na nauandika tena kwa sababu wanaoulalamikia hawakuwapo ulipofafanuliwa. Kipindi kisizidi dakika 45, kiwe na mambo mapya 3 tu, na kundi lisizidi watu 6. Kisipangwe mara tu baada ya dawa inayoleta usingizi. Anza na shtaka na adhabu yake ya juu kabisa, kisha nani ni nani mahakamani, kisha kukiri na kukana, kisha ushahidi, mwishoni makubaliano ya kukiri kosa, yaani mapatano na mwendesha mashtaka ili apate nafuu, na hapo mshtakiwa ataje anachokiacha: kusikilizwa kwa kesi, kuwahoji mashahidi, haki ya kunyamaza. Kila hatua aieleze kwa maneno yake, kisha aitumie kwenye kesi ya kubuni. Rudia swali hilo hilo baada ya siku 7 bila kumkumbusha.

Kesi iwe ya kubuni kweli. Wapo waliotaka tutumie kesi yake halisi ili aelewe upesi. Nimekataa na nitaendelea kukataa. Mkufunzi si wakili wake. Atakachosimuliwa huenda kisiwe na kinga ya siri, na daftari lake laweza kuitishwa mahakamani. Mshtakiwa akianza kueleza yaliyotokea, mkatize kwa upole na umwambie ayahifadhi kwa wakili.

Najua njia hii inakula muda. Dakika 15 za karatasi zimekuwa hadi dakika 45, na wakufunzi wanaojitokeza ni walewale wachache. Kati ya mikutano 4 ya wanachama tuliyoitisha, ni mmoja tu uliotimiza akidi, na waliolipa ada hawafiki nusu. Baadhi ya waliopaza sauti zaidi dhidi ya uamuzi huu hawakuhudhuria mkutano wala hawajalipa. Nasema haya kwa uchungu. Mtu anayesubiri wodini au rumande hawezi kuendelea na kesi mpaka aweze kujitetea, na kila kipindi kinachoahirishwa kwa kukosa mkufunzi kinamrefushia kifungo ambacho hakuna hakimu aliyemhukumu.

Jambo moja linahitaji macho ya kila mmoja wenu. Uwezo wa kusimama kizimbani hupimwa kwa hali ya wakati huo, na hali hubadilika. Anayerudishwa rumande kutoka hospitali mara nyingi hukatiziwa au kubadilishiwa dawa njiani, na akifika mbele ya hakimu yale yote yameshapotea. Hakikisheni jina la dawa, kipimo na saa vimeandikwa kwenye barua inayosafiri naye, na mkufunzi amtembelee ndani ya siku 3 kabla ya tarehe ya kesi. Akikuta hali imerudi nyuma, amwarifu wakili siku hiyo hiyo.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, hali ya fedha ikiruhusu, kuandaa mwongozo wa kusikiliza kwa wasiojua kusoma, na pengine kuwafikia vijana. Mapendekezo ya kurekebisha utaratibu yaletwe kwa katibu kwa maandishi. Ada apewe mweka hazina kabla ya mkutano mkuu, maana kwa katiba yetu asiyelipa hapigi kura.

Mwenyekiti