Mwanangu, maumivu yako si "mawazo tu"

Mwanangu mpenzi,

Salamu kutoka nyumbani. Sote hatujambo, bibi yako anakusalimu sana, na mdogo wako kila siku anauliza unarudi lini.

Tangu tulipoongea Jumapili nayawaza maneno ya yule daktari. Umemweleza kwamba kila mtihani ukikaribia tumbo linasokota, mikono inatetemeka na usingizi unapotea, naye akakujibu "ni mawazo tu", akaita mgonjwa mwingine. Lililoniuma zaidi ni kwamba wewe mwenyewe umeanza kumwamini. Ukaniambia hata huyo mwanafalsafa Mfaransa wa kale, Descartes, mnayemsoma anasema nafsi mbali, mwili mbali. Basi nikaona nikuandikie, maana Descartes alibanwa na swali hilihili na msichana wa miaka 24, na kwa maoni yangu hakuchomoka.

Huyo ni binti mfalme Elisabeth wa Bohemia. Baba yake alinyang'anywa ufalme kwa vita mwaka 1620, familia ikaishia uhamishoni The Hague, Uholanzi. Mei 1643 Elisabeth alimwandikia Descartes. Alikuwa ameisoma hoja yake kwamba nafsi ni kitu kinachofikiri, kisichochukua nafasi popote, na mwili ni kitu kinachochukua nafasi, kisichofikiri. Akamuuliza: kama nafsi haina hata sehemu ya kugusia, inausukumaje mwili? Descartes akamjibu kwa mfano wa uzito, jinsi unavyolishusha jiwe chini bila sisi kudhani kwamba kuna kitu kinachogusana na kingine. Elisabeth hakuridhika. Mwezi uliofuata akamwandikia kwamba kwake ingekuwa rahisi zaidi kukubali kuwa nafsi ina maada kuliko kukubali kwamba kitu kisicho na mwili kinaweza kuusukuma mwili. Akaongeza jambo ambalo mimi, muuguzi, nililisoma mara mbili: inakuwaje mtu aliyezoea kufikiri vizuri apoteze uwezo huo wote kwa sababu ya mvuke fulani mwilini?

Mvuke ni lugha ya uganga wa enzi zao. Sisi wodini tunalijua jambo hilo kwa njia nyingine. Nilimhudumia mwalimu mmoja wa hesabu ambaye malaria ilikuwa imempanda kichwani. Mkewe alimshika mkono akimwita, naye alikuwa akimtazama kama mtu asiyemjua, akitaja namba zisizo na mpangilio. Tulimchoma sindano za artesuneti, na siku chache baadaye akaomba kalamu, akataka kujua ni tarehe ngapi na nani anamsimamia darasa lake. Kama akili yake ilikuwa kitu kisichohusiana na damu yake, vimelea waliipata wapi?

Nisimwonee Descartes. Katika kitabu chake cha tafakuri cha mwaka 1641 alikana waziwazi kwamba nafsi imo mwilini kama nahodha chomboni. Nahodha huona kwa macho kwamba ubao umepasuka, lakini sisi tukijeruhiwa tunasikia maumivu. Na mwaka 1645, Elisabeth alipougua homa ndefu na kikohozi kikavu, Descartes alimwandikia kwamba sababu ya kawaida zaidi ya homa ya namna hiyo ni huzuni. Angalia tofauti, mwanangu. Hakumwambia "ni huzuni tu". Aliihesabu huzuni kuwa chanzo kamili cha ugonjwa, chenye nguvu ya kumlaza mtu kitandani, akaihangaikia kwa barua nyingi. Daktari wako amejua chanzo, kisha akakitumia kama sababu ya kutokukutibu.

Ushauri wa Descartes ulikuwa kwamba akili itawale: mtu ajizoeze kuyatazama mambo kwa upande wake mzuri. Ni ushauri mwema, na mimi mwenyewe nimekulea nao. Ila Agosti ya mwaka huohuo Elisabeth alimkumbusha kwamba yako maradhi yanayoiondoa akili yenyewe. Kumwambia mtu wa namna hiyo atumie akili ni kumwambia atumie kile alichonyang'anywa. Mimi nasimama na Elisabeth.

Yuko mwingine ambaye sijui kama mmefundishwa, naye ni Mwafrika. Anton Wilhelm Amo alizaliwa Axim, Ghana ya leo, akachukuliwa mdogo kupelekwa Uholanzi, kisha akalelewa katika nyumba ya mtawala mmoja wa Ujerumani. Mwaka 1734, Wittenberg, alitetea tasnifu ya Kilatini juu ya nafsi na hisia. Humo aliichukua sentensi kutoka kwenye barua ya kwanza ya Descartes kwa Elisabeth, ile inayosema nafsi iliyoungana na mwili inaweza kutenda na kutendwa pamoja nao, akaikataa nusu. Kutenda, sawa, kutendwa, hapana. Kwa Amo, kuhisi ni kazi ya mwili ulio hai, si ya nafsi. Kwa hiyo tumbo lako likisokota, maumivu ni ya mwili kabisa, wala hakuna wa kuyaita mawazo. Hapo namshukuru. Lakini kwamba nafsi haiumii, siwezi kumfuata, kwa niliyoyaona kwenye vitanda vya wagonjwa.

Sasa fanya hivi. Rudi kwa daktari, omba mwingine kama inawezekana. Mweleze ilianza lini, inakuja saa ngapi, unakula nini, unalala saa ngapi, na useme habari ya mitihani bila aibu. Nenda pia kwa mshauri wa wanafunzi hapo chuoni. Nauli nitakutumia Ijumaa.

Na mhadhiri wako mpelekee barua ya Elisabeth ya Julai 1643, pale anaposema kwamba hisia zinamwonyesha kuwa nafsi inausukuma mwili, lakini hazimfundishi namna inavyofanya hivyo. Muulize Descartes alimjibu wapi, halafu unipigie uniambie.

Mama yako akupendaye