Kwa vijana wa kijiweni: muulizeni mtu alikuwa wapi mwaka 1974

Wajukuu zangu wa kijiwe cha bodaboda,

Jumamosi niliwasikia mkigombana juu ya Mwalimu Nyerere. Mmoja anasema Mwalimu aliiharibu nchi, mwenzake anamwita msemaji huyo msaliti, nusura mkunjane mashati. Nimeshindwa kunyamaza.

Mimi na wifi yangu tulihamishwa siku moja, kwa lori moja. Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuishi katika vijiji vya pamoja sasa ni amri, na kufikia mwisho wa 1976 kila mtu awe amehamia. Kwetu walifika mwaka uliofuata. Mgambo walipanda juu ya nyumba ya mama wakaezua nyasi, tusije tukarudi usiku. Kihenge kilikuwa na mahindi, tukaambiwa yatafuatwa. Hayakufuatwa. Mama alipanda lorini amekumbatia jiwe lake la kusagia, na njia nzima hakutamka neno.

Wifi yangu alikuwa amezika watoto wawili kule tulikotoka, zahanati ikiwa mbali mwendo wa siku nzima. Kijiji kipya kikajengewa zahanati. Wa tatu alizaliwa humo, na yu hai hadi leo. Jioni wifi akawa anakwenda kisomo cha watu wazima, na baada ya muda akaanza kutusomea barua za ukoo mzima. Picha ya Mwalimu iko ukutani kwake. Kwangu haipo.

Tume ya Jaji Nyalali ilipokusanya maoni mwaka 1991, nchi ibaki na chama kimoja au iwe na vyama vingi, mimi nilitaka vyama vingi, yeye chama kimoja. Karibu watu 80 katika kila 100 waliotoa maoni walikuwa upande wake, ingawa Tume ilipendekeza vyama vingi na mwaka 1992 vikaruhusiwa. Nilimwona mjinga. Miaka mingi, wajukuu zangu, nilimwona mjinga, na hilo linaniuma kuliko ile nyumba. Makaburi yale mawili nayajua, nilikuwepo siku za kuzika. Lakini sikuwahi kuyahusisha na siasa zake.

Sisemi kila aliyeumia ndiye mwenye haki. Nyumba yetu iliezuliwa kweli, mtoto wake alipona kweli, na hesabu ya nchi nzima haienei ndani ya lori moja. Ndiyo maana nataka muulizane. Huyo mnayemwita chawa kila akiisifu serikali, pengine pikipiki yake imetokana na mkopo wa vijana wa halmashauri. Na huyo anayelaani kila kitu ana cheti cha chuo kabatini, mwaka wa tano huu. Mnakaa benchi moja kutwa nzima na hamjawahi kuulizana.

Jumapili mchana njooni nyumbani. Wifi atakuwepo, na jiwe la mama bado liko uani, mtalikuta. Anzeni kumsikiliza yeye. Mimi nitakaa kimya mpaka amalize.

Bibi yenu